Nani Ampigie Nani?

Hoja iliyo mezani ni hii: mtu ambaye chang'aa imemzidi nguvu, au bangi imemtoa kazini na nyumbani kwake, anaweza kusaidiwa kwa simu ya mkononi? Nauliza kwa ajili ya Londiani, mji wa baridi ulio upande wa juu wa Kaunti ya Kericho, kwenye reli ya zamani iendayo Kisumu, mji wa viazi, maziwa, mbao na Chuo cha Misitu. Ukiteremka kuelekea Kericho na Bomet, mashamba yanageuka kuwa ya majani chai. Katika eneo hilo lote, simu imeingia kwenye maboma mengi kuliko alivyoingia mtaalamu yeyote wa uraibu.

Ukubwa wa tatizo unajulikana. NACADA, mamlaka ya taifa ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya, ilifanya utafiti mwaka 2022 na kukuta kwamba Mkenya mmoja kati ya sita wenye umri wa miaka 15 hadi 65 alikuwa akitumia angalau kilevi kimoja. Watumiaji wa pombe walikuwa takriban milioni 3.2, na wa bangi zaidi ya nusu milioni. Mamlaka hiyo hiyo ina nambari ya msaada, 1192, isiyotozwa malipo. Kwa hiyo laini ya kupiga ipo. Kinachonisumbua ni kwamba tunamsubiri anayezama ndiye apige.

Sauti tano zinazofuata nimezitunga ili kila hoja ipate wa kuitetea kwa nguvu zake zote. Mwishoni nitasema mimi nasimama wapi.

MAMA (mchuma chai, mzazi wa kijana anayekunywa): Niacheni nianze mimi, maana pesa iliyonunua simu ilitoka kwenye kikapu changu. Nilimnunulia mwanangu kabambe ili niwe najua amelala wapi. Akaiuza. Nikanunua nyingine, akaiacha kwa mama pima, muuzaji wa chang'aa, iwe rehani ya deni. Kabla haijaenda, alikuwa ameshacheza kamari ya mpira kwa simu hiyo na kukopa kwayo, hata pesa niliyomtumia ya mbolea ikakatwa deni kabla hajaishika. Na msimu wa bonasi ya chai ukifika, pesa inaingia kwenye simu za wanaume kimyakimya. Sisi nyumbani tunajua imeingia tukisikia kelele kilabuni. Leo mnaniambia simu ni dawa. Dawa gani hiyo ambayo mgonjwa anaibadilisha kwa glasi?

MUUGUZI: Mama, uchungu wako ni wa haki na sitaupunguza. Ila tutenganishe kifaa na mazungumzo. Mwaka 2020 ulichapishwa utafiti uliofanywa katika kituo cha afya cha mashambani hapa Kenya, miongoni mwa watafiti wakiwamo Victoria Mutiso na Profesa David Ndetei. Waliandikisha watu wazima 300 wenye matatizo ya pombe. Kuna waliozungumza na mhudumu kwa simu, kuna waliokaa naye ana kwa ana, na kuna waliosubiri zamu yao. Baada ya mwezi mmoja, hali ya unywaji ya waliopigiwa simu ilikuwa nzuri kuliko ya waliosubiri, na haikuonekana kuachana na ya wale waliokaa na mhudumu uso kwa uso. Haikuwa programu ya kupakua wala haikuhitaji simu ya bei kubwa. Ilikuwa sauti ya mtu aliyefundishwa kusikiliza.

MZEE (mzee wa mtaa): Na baada ya miezi sita?

MUUGUZI: Baada ya miezi sita matokeo hayakutosha kuamua lolote, Mzee. Sifichi. Ndiyo maana sisemi simu inaponya. Nasema inaanzisha matibabu, na aliyeanzishwa anahitaji kufuatwa tena na tena.

MZEE: Hayo mazungumzo ni ya namna gani? Maana mahubiri tumehubiri hadi sauti zimekauka.

MUUGUZI: Hayana mahubiri. Namuuliza: pombe inakupa nini? Anajibu, nanyamaza. Inakunyang'anya nini? Ananitajia mwenyewe: ng'ombe aliyeuzwa, mtoto aliyerudishwa nyumbani kwa ajili ya karo, mke aliyerudi kwao. Kisha namuuliza, kuanzia moja hadi kumi, uko tayari kiasi gani kupunguza? Akisema tatu, simlaumu kwa nini si kumi. Namuuliza kwa nini hakusema moja. Hapo ndipo anapoanza kunieleza sababu zake za kutaka kuacha, kwa mdomo wake. Mtu hushika zaidi neno alilolisema mwenyewe kuliko alilosomewa.

MZEE: Binti yangu, mimi nilikua nikiwaona wazee wamezunguka chungu kimoja cha pombe, kila mmoja na mrija wake mrefu, na kijana hakuthubutu kusogea. Pombe ilikuwa na siku yake, na mnywaji alikuwa na wa kumtazama. Kilichovunjika ni kikao hicho. Sasa mtu anakunywa mwenyewe, analala mtaroni mwenyewe, na nyinyi mnataka kumpa sauti ya kumsemesha sikioni akiwa bado mwenyewe. Wahenga walisema mgonjwa haulizwi uji. Chifu na wazee wamwendee, wamchukue, wampeleke kanisani au kwenye kituo cha kurekebisha tabia. Asiulizwe.

KIJANA (aliyewahi kuendesha bodaboda, anayejaribu kuacha): Mzee, kwa heshima yako. Uji hauulizwi, lakini pia haumiminwi kooni kwa nguvu. Mimi nilichukuliwa. Nilifungiwa, nikatoka, na siku ile ile nikanywa, kwa sababu njia ya kutoka stejini hadi kwetu inapita kwa mama pima, na hakuna aliyenipigia siku hiyo kuniuliza nimefika wapi. Hiyo 1192 ninayo kwenye simu. Usiku nimeifungua, nikaitazama, nikaifunga. Si suala la pesa, najua ni bure. Lakini anayepiga ndiye anayelazimika kuitaja shida yake kwanza, na mikono ikitetemeka hata maneno yanakataa. Hapa kwetu mtu akiishiwa na kredo hutuma "Tafadhali nipigie", na anayemjali humpigia. Mimi nilikuwa natafuta hospitali inayojua kupokea "Tafadhali nipigie" yangu.

MHUDUMU (mhudumu wa afya ya jamii): Basi hapo ndipo penye kazi yangu. Septemba 2023 serikali ilituzindua wahudumu 100,000 nchi nzima, tukapewa mikoba ya vifaa na simu za kuingizia taarifa za kaya. Napima presha na sukari mlangoni kwa mtu, nafuatilia wajawazito na watoto. Kila boma la kijiji changu nalijua, na mbwa wake ananijua. Nipeni orodha ya wanaotaka kuacha, nitawapigia. Simu ikiwa mteja, haipatikani, nitaenda kwa miguu.

KIJANA: Dada, usiudhike. Wewe hasa ndiye ambaye simu yako nisingeipokea. Mama yako na mama yangu wako chama kimoja. Nikikuambia kwamba jana nimerudia, nitajuaje kwamba jioni halijafika chamani? Na anayevuta bangi ana hofu kubwa zaidi, kwa sababu hilo ni kosa mbele ya sheria na laini yake imesajiliwa kwa kitambulisho chake. Aliye mbali sina wasiwasi naye, lakini hanijui. Aliye karibu ananijua, na ndiye ninayemwogopa.

MHUDUMU: Umenichoma, lakini siwezi kukukatalia. Nimesikia siri za watu zikitembea kuliko miguu yangu.

MUUGUZI: Basi anayepiga asiwe jirani, wala asiwe mtu wa Nairobi asiyeijua Londiani. Awe mhudumu wa hospitali ya kaunti ndogo aliyekula kiapo cha kazi, anayeijua barabara na soko lakini hakai mlango wa pili. Jirani aje tu pale mgonjwa mwenyewe aliposema mapema, "nikikosa kupatikana siku tatu, fulani anitafute." Amtaje yeye mwenyewe huyo fulani. Sheria nayo iko upande wake. Katiba ya 2010, katika ibara ya 31, inalinda faragha, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inahesabu habari za afya kuwa data nyeti.

KIJANA: Sheria haimzuii mdogo wangu kufungua simu yangu akitafuta wimbo. Simu moja nyumbani kwetu hupita mikono minne.

MUUGUZI: Kweli, na ndiyo maana ujumbe wenyewe usibebe siri yoyote. Hili Kenya tumeshalifanya. Mwaka 2007 na 2008, utafiti ulioitwa WelTel uliwafuata wagonjwa 538 walioanza dawa za kupunguza makali ya virusi vya ukimwi, Nairobi na Kajiado. Karibu nusu yao walitumiwa kila wiki salamu moja tu: "Mambo?" Walitakiwa wajibu ndani ya saa 48, "Sawa" au "Shida". Aliyejibu "Shida", na aliyenyamaza, alipigiwa na muuguzi. Matokeo yalitoka mwaka 2010 katika jarida la Lancet. Waliosema wanameza dawa zao ipasavyo walikuwa asilimia 62 kwa waliopata salamu na asilimia 50 kwa wasiopata, na waliodhibiti virusi walikuwa asilimia 57 dhidi ya 48. Mtu yeyote angeshika simu zile, asingekuta neno la ugonjwa ndani yake.

MAMA: "Mambo?" Hiyo si hata mimi naweza kumtumia!

MUUGUZI: Unaweza, Mama, na umtumie. Lakini akijibu "Shida" saa nane za usiku, utafanya nini? Sikia hili, maana wengi hawaelezwi. Mtu aliyekunywa sana kila siku kwa muda mrefu, akiacha ghafla, mwili wake unaasi. Kabla siku haijaisha anatoka jasho, anatetemeka, anatapika, moyo unakwenda mbio. Katika siku mbili za kwanza anaweza kupata degedege. Kati ya siku ya pili na ya nne wapo wanaochanganyikiwa kabisa, wakaona wadudu ukutani na kuzungumza na watu wasiokuwepo, joto la mwili likipanda. Hali hiyo inaua. Programu ya simu inayompongeza mtu kwa kuacha leo, bila kumuuliza alikuwa akinywa kiasi gani, inaweza kumtanguliza kaburini.

KIJANA: Mimi nilidhani nimerogwa.

MUUGUZI: Wengi hudhani hivyo, na nyumbani wanadhani hivyo pia. Kwa hiyo simu yangu ya kwanza haina pongezi. Ulikunywa mara ya mwisho lini? Mikono ikoje sasa hivi? Uliwahi kuanguka degedege ulipoacha? Nani yuko nawe nyumbani? Majibu yakinitia hofu, nasema: usiache peke yako, njoo hospitali leo, utapata dawa ya kutuliza mwili na vitamini B1, na tutakuangalia hadi siku mbaya zipite. Simu inajua kuuliza, lakini dawa na kitanda viko hospitalini. Kama hakuna kitanda, tusidanganye watu kwa simu.

MZEE: Hapo umesema neno.

MUUGUZI: Na kuna jambo jingine ambalo simu inafanya upesi kuliko baraza lolote. Mei 2014 makumi ya watu walikufa katika kaunti kadhaa, Embu na Kiambu zikiwamo, baada ya kunywa pombe iliyochanganywa na methanoli. Sumu hiyo haikuangushi mara moja. Unaweza kulala ukiwa mzima, ukaamka unaona ukungu, kisha giza. Aliyeonywa kwa ujumbe kwamba pombe ya sehemu fulani ina sumu, akaambiwa macho yakififia akimbilie hospitali, ana nafasi ya kuokoka. Ujumbe huo hauwezi kuwafikia watu ambao tumewafukuza hadi wakazima simu zao.

MZEE: Nakubali hilo la kuonya. Lakini mmeyasahau mawili. Wa rika langu wengi hawasomi ujumbe, na Kiswahili chao ni cha sokoni. Mtu haungami kwa lugha ya sokoni. Ataungama kwa Kipsigis. La pili, kuna mabonde huku ambako mtandao unakuja na kuondoka, na asiye na stima hulipia kuchaji simu dukani. Mtu aliye na shilingi chache mfukoni na kiu kooni, mnadhani atazipeleka wapi?

MHUDUMU: Hilo la lugha ni la kweli kabisa. Nikimsalimia mtu "Chamgei", ananifungulia mlango. Nikianza kwa fomu, ananijibu anachodhani serikali inataka kusikia.

MUUGUZI: Ndiyo maana nasema simu ya sauti kwanza, ujumbe baadaye, na anayepiga aongee lugha ya anayepigiwa. Kuhusu kifaa kuuzwa, laini ni jambo jingine. Kifaa kikienda, nambari ile ile inaweza kurudishwa kwa kitambulisho. Na hata bila kifaa, mgonjwa anaweza kutupa nambari ya pili.

MAMA: Basi pigeni yangu.

KIJANA: Mama wa watu, hata mimi ningekubali ya mama yangu ipigwe. Lakini kwa ruhusa yangu, na asiambiwe niliyoyasema. Aambiwe tu, "hospitali imepiga, inamsalimu kijana."

MAMA: Na mimi je? Nani ananipigia mimi? Miaka yote hii ninamfungulia mlango usiku, nafua matapishi, nadanganya majirani. Hakuna siku ofisi yoyote imeniuliza nimelalaje.

MUUGUZI: Umetufunga mdomo, Mama. Anayeishi na mnywaji naye awe na zamu yake ya kupigiwa.

MZEE: Nchi za wenzetu hufanyaje?

MUUGUZI: Scotland imepoteza watu wengi mno kwa dawa za kulevya. Mwaka 2021 walianzisha mpango wa Digital Lifelines Scotland kuwafikishia walio hatarini simu na intaneti, pamoja na kuwafundisha wao na watumishi wanaowahudumia. Hata wenye pesa waliona kwamba kifaa bila mtu wa kukutembeza nacho hakitoshi. Na hapa kwetu, kliniki za methadoni kwa watumiaji wa heroini, zilizoanza Mathari, Nairobi, Desemba 2014 na kufuatiwa na Malindi mwaka 2015, zilijengwa juu ya mgonjwa kufika dirishani na kuonana na mtu anayemfahamu. Londiani shida kubwa ni pombe, na pombe haina dirisha la kila siku. Simu inaweza kuwa dirisha hilo.

NENO LA MWANDISHI

Nimewasikiliza wote, na kila mmoja ana haki kwa sehemu. Mama ana haki kwamba kumgawia mraibu kifaa na kuondoka ni kumwongezea kitu cha kuuza. Mzee ana haki kwamba ulevi umestawi pale watu walipoacha kutazamana. Mhudumu ana haki kwamba anayekijua kijiji anamfikia mtu ambaye mitambo haimfikii. Lakini aliyeushika mzizi wa jambo ni kijana. Tumejenga huduma ya simu inayosubiri kupigiwa na mtu ambaye ugonjwa wenyewe umemnyima nguvu ya kupiga. Mfano wa WelTel na ule wa watu 300 waliokuwa na matatizo ya pombe unafanana kwa jambo hili moja: upande wa afya ndio uliofanya kazi ya kutafuta. Nambari ya 1192 ina kazi yake na ibaki, ila haiwezi kufanya kazi hii.

Kwa hiyo msimamo wangu ni kwamba hospitali impigie mgonjwa. Sheria ya Afya ya Kidijitali ilitiwa saini Oktoba 2023 ili kuzipa huduma za afya kwa njia ya mtandao msingi wa kisheria. Kaunti ya Kericho haihitaji kungoja mfumo mkubwa. Inaweza kuanzia Londiani na muuguzi mmoja au mshauri mmoja aliyefunzwa, anayezungumza Kipsigis na Kiswahili, na laini moja ya simu isiyobadilika, ili anayepigiwa aizoee na asiogope nambari ngeni. Anayekubali kupigiwa aandikwe kwa ridhaa yake, achague saa, achague lugha, ataje nambari ya pili akitaka. Apigiwe kila siku, kuanzia ya kwanza hadi ya nne, siku ambazo mwili una hatari, kisha kila wiki kwa salamu isiyo na siri ndani yake. Apigiwe tena msimu wa bonasi unapokaribia, kabla pesa haijaingia. Mama yake au mke wake apigiwe pia, kwa ajili yake mwenyewe. Aliyeteleza aendelee kupigiwa, kwa sababu siku aliyoteleza ndiyo anayohitaji simu hiyo kuliko zote.

Masharti mawili sitayalegeza. La kwanza, orodha hiyo isifike kwa chifu, polisi, mwajiri wala kikundi chochote cha maombi. Siku jina moja litakapotoka humo kwenda kituoni, simu zote zitazimwa, na zitazimwa kwa haki. La pili, kila simu iwe na kitanda nyuma yake. Muuguzi akimwambia mtu aje leo, akute mlango wazi, dawa ipo, na mtu wa kumlaza. Kaunti ikishindwa kuahidi hayo mawili, isianze.

Mzee aliuliza kuhusu miezi sita, na swali lake liwe kipimo cha mpango huu. Baada ya muda huo tuulize wangapi bado wanapokea simu, wangapi wamepunguza, wangapi walifika hospitalini kabla ya degedege. Majibu yakiwa mabaya, tubadilishe njia bila aibu. Lakini tusiyatafute majibu hayo kwa kununua programu nyingine yenye rangi nzuri ambayo hakuna mlevi wa Londiani atakayeifungua alfajiri akitetemeka. Pesa ya kwanza iende kwenye mshahara wa mtu wa kupiga simu.